Madah: barua ya wazi kwa wanaosimamia wodi za wazazi Nairobi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, na kwa Baraza la Wauguzi la Kenya lililonipa leseni.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkunga mstaafu. Nilizaliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kama nusu ya watu wa jiji hili, nikalelewa mtaa wa Majengo, na kwa miaka 31 nilizalisha akina mama katika hospitali za umma hapa Nairobi hadi nilipostaafu mwaka 2019. Hospitali hizo sitazitaja. Nawaandikia kuhusu mama anayesema anaumwa na hasikilizwi. Ninayoyasema si ya hospitali moja, na mkosaji wa kwanza katika barua hii ni mimi mwenyewe.

Februari mwaka jana simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa binti yangu anayeishi Minneapolis, Marekani. Alikuwa amejifungua siku nne kabla, mtoto wa kike, wote wazima. "Mama," akasema, "kichwa kinanigonga tangu jana, na nikitazama taa naona vimulimuli." Nikamuuliza kama hospitali wanajua. Akasema amewapigia mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa anywe maji na alale mtoto anapolala. Mara ya pili aliambiwa kwamba wazazi wa mara ya kwanza huwa na wasiwasi mwingi.

Nikamwambia: "Mwanangu, usipige simu tena. Vaa koti uende. Ukifika usiwaambie kichwa kinauma. Waambie unataka kupimwa presha sasa hivi, na usiinuke kwenye kile kiti mpaka mtu akufunge ule mkanda mkononi." Walipopima ilikuwa 168 kwa 112. Usiku huohuo alitundikiwa dripu ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, kile kinacholetwa na presha, akalazwa siku tatu.

Majirani wananipongeza mpaka leo, wanasema mkono wa mkunga hauzeeki. Mimi huwa nanyamaza. Nilijua ugonjwa wa binti yangu kwa sababu mwaka 1996 mimi ndiye niliyekuwa yule muuguzi wa upande wa pili wa simu.

Miaka hiyo mtaa wa Isli, yaani Eastleigh, hapa Nairobi ulikuwa umejaa Wasomali waliokimbia vita baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka mwaka 1991. Usiku mmoja aliletwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, akajifungua saa tano. Presha ilipimwa alipoingia, ikawa sawa, ikaandikwa, basi. Baada ya kujifungua akaanza kusema "madah, madah," ameshika paji la uso. Hakujua Kiswahili, nami sikujua Kisomali. Nikadhani anamwita mtu, pengine mumewe. Nikamwambia atulie, wanaume hawaingii wodini usiku. Akarudia. Nikamwambia tena, safari hii kwa sauti ambayo nisingependa wajukuu wangu waisikie. Tulikuwa wakunga wawili, akina mama kumi na saba, na kwenye vitanda vingine wamelala wawili wawili.

Kuna jambo lingine la kusema, na ni bora niliseme lilivyo. Wodini tulikuwa na maneno yetu kuhusu Wasomali. Tulisema wana kelele. Wakinyamaza, tulisema wana kiburi. Tulisema maumivu kwao si kitu, kwa kuwa walishaonja wembe wa ukeketaji tangu utotoni. Hakuna aliyetufundisha maneno hayo chuoni. Tuliyaokota kwenye chai ya saa nne, tukawapa wanafunzi wetu, na nina hakika wanafunzi wetu wamewapa wao.

Saa tisa usiku alishikwa na kifafa cha mimba. Tulimchoma diazepamu, ndiyo tuliyokuwa nayo. Hakufa, alhamdulillahi, lakini alikaa siku tatu bila kujua kwamba amezaa. Asubuhi ile mama mmoja aliyekuwa akipiga deki wodini, mkazi wa Isli, aliniuliza mgonjwa alikuwa akisema nini kabla ya kuzidiwa. Nikamwambia alikuwa akimwita mtu anaitwa Madah. Akaiweka ndoo chini. "Sista," akasema, "madah ni kichwa."

Sasa mtasema hilo ni tatizo la lugha, tuajiri wakalimani mambo yaishe. Mimi pia ningedhani hivyo, lau si binti yangu. Yeye ana digrii ya uhasibu, ana bima nzuri, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Alisema "kichwa" kwa lugha ya yule anayemsikiliza, na bado hakusikika. Nilipoanza kusoma mambo ya huko nikakuta wenyewe wanayajua siku nyingi. Mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Marekani, vifo vya uzazi vya wanawake weusi vilikuwa 50.3, na vya wanawake wazungu 14.5. Nikajiambia labda ni umaskini. Hapana: mwaka 2019 CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ilionyesha kwamba mwanamke mweusi aliyemaliza chuo kikuu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa uzazi kuliko mzungu ambaye hakumaliza hata shule ya upili.

Shalon Irving alikuwa na shahada ya uzamifu na alifanya kazi CDC hiyohiyo, akichunguza jinsi ukosefu wa usawa unavyoua watu. Januari 2017, wiki tatu baada ya kujifungua, alifariki akiwa na miaka 36. Alikuwa na presha, na katika wiki hizo tatu alirudi kwa wahudumu wa afya mara kadhaa. Mama yake, Wanda Irving, ndiye aliyebaki akimlea mjukuu na kulieleza jambo hili kwa kila atakayesikia. Kila nikimfikiria mama huyo naitazama simu yangu.

Na kuna utafiti wa 2016 wa Chuo Kikuu cha Virginia. Wanafunzi wa udaktari na madaktari wanagenzi wazungu waliulizwa kuhusu mwili wa mtu mweusi, na nusu yao wakakubali angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene kuliko ya mzungu. Waliokubali mambo hayo ndio pia waliodhani maumivu ya mtu mweusi ni madogo. Niliposoma hayo niliweka miwani mezani. Ngozi nene ya kwao ni wembe wetu.

Najua jibu litakalotolewa na mmoja wenu: hapa sote ni weusi, mambo ya rangi tuwaachie Wamarekani. Lakini rangi ndiyo iliyochora ramani ya kuzaa katika jiji hili. Hospitali ya "wenyeji" ya mwaka 1901 yenye vitanda 40 ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Pumwani ilianza 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, kwa ajili ya wanawake wa Kiafrika, na wanawake wa Kihindi wakawekewa nyumba yao ya uzazi kwa jina hilohilo. Wazungu walifunguliwa European Hospital mwaka 1954, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Uhuru ulifuta vibao vya milangoni. Haukuwafundisha walioko ndani kumwamini kila anayelala pale kitandani kwa kipimo kimoja, na pengo lililoachwa na rangi likajazwa na kabila, mtaa, mavazi na mfuko.

Tazameni namba zetu. Watafiti waliofuatilia Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda hapa Nairobi, kati ya 2003 na 2005 walipata vifo 706 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati makadirio ya nchi nzima ya mwaka 2003 yalikuwa 414. Akina mama wa Korogocho hawakai nyikani, kutoka kwao hadi mjini ni nauli ya matatu moja. Kwa upande wa pili, takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliipa Kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki, vifo 3,795 kwa kipimo hichohicho, namba ambayo ukiitaja kwa mgeni anadhani umeongeza sifuri. Sensa ya 2019 ilitoa wastani wa nchi wa 355. Kwa hiyo hata yule mwanamke mweusi wa Marekani ninayemlilia yuko salama takriban mara saba kuliko mama wa hapa, ukilinganisha harakaharaka. Silalamiki kwa ajili ya Marekani. Ninachosema ni kwamba wao wamehesabu kwa rangi, ndiyo maana aibu yao inaonekana. Rejista niliyoijaza mimi miaka yote, MOH 333, ilikuwa na umri, kijiji, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto. Sikuwahi kuona safu ya kuandika mama huyu anazungumza lugha gani.

Hilo la kutoaminiwa linaanzia langoni, kabla mama hajafika kwa mkunga. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, mama anaulizwa kama amejisajili, na usajili unataka kitambulisho. Nani nchini humu amekosa kitambulisho si kwa uzembe wake? Msomali aliyezaliwa Isli na Mnubi aliyezaliwa Kibra, ambao kwa miongo mingi walipelekwa kupigwa msasa mbele ya kamati ili kuthibitisha kwamba ni Wakenya, wakati jirani yao mwenye jina la kawaida anapewa karatasi bila swali. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilitoa uamuzi kwamba Kenya imewabagua watoto wa Kinubi katika suala hili la uraia. Februari 2025 Rais alitangaza kwamba msasa umekwisha. Tunashukuru. Lakini msichana aliyenyimwa karatasi mwaka 2022 ndiye anayeshika mimba leo, na karani wa mapokezi hana habari na tangazo lolote, ana kompyuta inayotaka namba.

Na sasa niwapeleke wodini, maana nikiishia kwenye karatasi nitakuwa nimewaonea karani na kompyuta yake.

Mama aliyekeketwa na kushonwa anapofika leba, anahitaji mkunga anayejua kumfungua kwa mbele, wapi na lini, bila kumchana ovyo. Kwetu wachache walifundishwa, waliobaki walijifunza kwa kukosea. Lakini kilichokuwa kikiniuma hata wakati huo, na sikusema, ni ile sauti ya "njooni muone." Mmoja anafunua shuka, anaita wenzake, wanafunzi wanakusanyika miguuni pa mwanamke aliye katikati ya uchungu, wanatazama, wanaguna, wanaondoka. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2011, na naiunga mkono kwa mikono miwili. Haikusema mwanamke aliyefanyiwa hayo akiwa na miaka saba awe maonyesho akiwa na ishirini na tano. Akitoka pale atawaambia dada zake wazalie nyumbani, na mtakuja kusema watu hawa hawapendi hospitali.

Vivyo hivyo kuhusu upasuaji. Wodini tunasema "wanakataa kupasuliwa" kana kwamba ni kasoro ya ukoo. Nimekaa na akina mama hao nikiwa tayari nimestaafu, sebuleni kwao Isli, juu ya mkeka, kwa chai ya iliki, na hawana ujinga wowote. Wanajua kwamba aliyepasuliwa mara tatu ataambiwa asizae tena, na wao wanataka watoto sita. Wanamjua fulani aliyepasuliwa akafa. Na ile karatasi ya kukubali wanaletewa saa nane usiku, kwa Kiingereza, na daktari anayetazama saa. Mama mkwe yuko nje ya geti, shangazi yuko nje ya geti, na uamuzi kama huo kwao haufanywi na mtu mmoja aliyelala chali. Mazungumzo hayo yangefanyika kliniki, mimba ikiwa miezi saba, mama mkwe ameketi kwenye kiti chake na ameheshimiwa, nusu ya ubishi wa saa nane usiku haungekuwepo. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Binti yangu ananiambia huko Minneapolis, ambako Wasomali ni wengi, hospitali inamletea mama wa Kisomali mkalimani, akikosekana wanampigia kwa simu. Yaani Msomali aliyevuka bahari anaelezwa kwa Kisomali, na aliyevuka Jam Street kule Isli haelezwi. Mtu mwenye kuongea Kisomali mkimtafuta Nairobi hamtachoka: mwaka 1996 alikuwa ameshika ndoo mita kumi kutoka kwangu.

Nije kwenye arobaini, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza watu kimyakimya. Kwetu Majengo, kwa Wanubi wa Kibra, kwa Wasomali wanaoiita afartanbah, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, hatumwi dukani, habebi ndoo. Ni mila nzuri. Wazungu siku hizi wanalipia pesa kitu kama hicho. Ratiba yetu ya kliniki nayo inamtaka mama arudi wiki ya kwanza au ya pili, kisha wiki ya nne hadi ya sita. Ile ziara ya wiki mbili inaangukia katikati ya arobaini. Haji. Tunaandika "hakurudi". Na huo ndio muda presha inapoweza kupanda baada ya mtoto kutoka, kama ilivyompanda binti yangu siku ya nne, na ndio muda wa homa ya uzazi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakapewa mabegi yenye mashine ya presha. Mashine wanayo, miguu wanayo, mtaa wanaujua. Kwa nini mhudumu huyo asiagizwe tu, kama kazi yake rasmi yenye malipo, aingie kwa mzazi siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne? Bibi anayemkanda mzazi atamfungulia mlango. Mfundisheni huyo bibi maneno matatu, kichwa, macho, pumzi, na mpeni namba ya simu inayopokelewa.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Chupa ya uji kutoka nyumbani haijawahi kuua mtu, na askari wa geti hana shahada ya lishe.

Kuhusu mwenzake mama wakati wa uchungu, hapo sipiti. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Desemba 2020 likatoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu, na ndani yake, kabla hujafika kwenye mapigo ya mtoto, unaulizwa: ana mwenzake? amepewa kitu cha kupunguza maumivu? amekunywa? amekaa vipi? Hapa kwetu tunakataa wenzao kwa sababu moja ya kweli: leba iko wazi, kitanda kwa kitanda, ukimwingiza shangazi wa huyu atamwona yule. Jibu lake ni pazia. Mimi jirani yangu ni soko la Gikomba, nawahakikishia mapazia mazito ya mtumba yapo, yanapimwa kwa macho na kubebwa kwa mkokoteni. Nimeketi katika semina za Naivasha kuhusu huduma zenye heshima, nikapewa begi na kalamu, kwa gharama ambayo ingetosha kuziba leba tatu kwa mapazia. Begi ninalo bado, nawekea vitunguu.

Msije mkaisoma barua hii mkatoa waraka wa kuwaadhibu wauguzi. Mkunga aliye na akina mama kumi na saba hana nafasi ya kumsikiliza yeyote, na asiyemsikiliza mtu huokota maneno ya chai ya saa nne ili aamue nani aanze naye. Uchache wa watu ndio unaoyapa maneno hayo kazi. Utafiti wa mradi wa Heshima katika vituo 13 nchini ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano anasema alidhalilishwa kwa namna fulani alipojifungua. Na ripoti ya kwanza ya siri ya kuchunguza vifo vya uzazi, ya mwaka 2017, ilisema zaidi ya 9 kati ya 10 ya waliofariki walipata huduma pungufu. Sasa mtu akipata huduma pungufu, swali langu la kwanza ni: alisema nini kabla, na nani alimsikia?

Ndiyo maana ninachoomba hasa ni kidogo, na kinatokana na usiku ule. Pima kwanza. Mama akisema kichwa, akisema macho, akisema hapumui vizuri, akisema damu ni nyingi, apimwe ndani ya dakika kumi na tano, kabla hatujaamua kama ni mwongo, mwoga, mdekezaji au mtu wa kabila fulani. Iandikwe kwenye chati maneno aliyoyasema yeye, saa aliyoyasema, na saa aliyopimwa. Akifariki mtu, kikao cha kukagua kifo kiisome hiyo safu kwanza. Na rejista iwe na lugha yake na mtaa wake, ili mwisho wa mwaka mjue ni nani wanaosema mara tatu ndipo wapimwe.

Tayari tuna mfano kwamba kipimo kinashinda jicho. Jaribio lililofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yakatangazwa 2023, liliweka chini ya mama karatasi ya nailoni yenye mistari ya kupimia damu, badala ya mkunga kukisia kwa macho, na kila damu ilipofika kiwango fulani matibabu yote yakaanza kwa pamoja. Kuvuja damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Mimi nilikisia damu kwa macho miaka 31 na nilijiona hodari. Ile nailoni haijui Kikuyu wala Kisomali, haiulizi kitambulisho, inaonyesha mstari.

Yule msichana wa 1996 sikumwona tena baada ya kuruhusiwa. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono, akasema neno ambalo mama wa ndoo aliniambia ni shukrani. Sikujua la kufanya na shukrani hiyo, na bado sijui.

Binti yangu ana mimba nyingine, ya mwezi wa tano. Wiki iliyopita aliniandikia: "Mama, huku naogopa. Nije nijifungulie nyumbani, uwe karibu?" Yeye ana kitambulisho, jina lake halitamzuia langoni, na anaye mama anayejua milango yote ya hospitali za jiji hili. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Anataka jibu kabla ya kukata tiketi, na bado sijamjibu.

Wenu,
Mkunga mstaafu,
Majengo, Nairobi